Kabla hujatamani spaiki

Anayeanza voliboli Mombasa huja na hamu moja: kupiga spaiki, yaani kuruka na kuushindilia mpira upande wa mpinzani. Haki yake, maana ndiyo inayoshangiliwa. Lakini kila timu inaponyang'anya sevu, yaani zamu ya kuanzisha mpira, wachezaji wake huzunguka, na aliyekuwa wavuni hatimaye hujikuta nyuma, anapokea. Kama hujui kupokea, sevu zote zitakufuata wewe. Libero, mchezaji maalumu wa ulinzi wa nyuma, yupo, ndiyo, ila eneo la mita 9 kwa 9 hawezi kulifunika peke yake.

Kwa hiyo anzia hapa. Mguu mmoja mbele kidogo, magoti yakunjwe, visigino viwe vyepesi. Bana viganja, vidole gumba viende sambamba, viwiko vinyooke. Mpira utue juu kidogo ya vifundo vya mikono, palipo bapa. Usiupige, uelekeze. Mpira una gramu 260 hadi 280 tu na umekuja na kasi yake. Ukirusha mikono, mpira unavuka wavu na mpinzani anaupokea kama zawadi. Lenga juu ya kichwa cha seta, yule anayemwandalia mpigaji mpira, kama mita moja kutoka wavuni. Ukimbandikia wavuni hana la kufanya. Kosa jingine ni kuchomoa mikono ubavuni badala ya kusogeza miguu, na hilo tunaliona hata kwa wazoefu wanapochoka.

Mazoezi ya ufukweni, kule Nyali au Bamburi, yanafaa, ila upepo wa kusi hauna adabu. Sevu isiyozunguka ikija dhidi ya upepo hudondoka ghafla mbele yako. Ikisukumwa na upepo hupitiliza. Soma upepo kabla ya filimbi. Mchanga mkavu nao humeza nguvu ya kuruka, hivyo anayeanza afanyie mazoezi maji yakipwa, pale mchanga ulipobanwa.

Ukishapokea vizuri, njoo kwenye spaiki. Mwenye kutumia mkono wa kulia hukanyaga kushoto, kulia, kushoto: ya kwanza polepole, mbili za mwisho haraka. Wengi huondoka mapema, wakajikuta chini ya mpira, wakaupiga ukatoka nje. Subiri uone mpira umeacha vidole vya seta.

Kwenye bloki, yaani kuruka wavuni kuzuia spaiki, tazama bega la mpigaji, mpira baadaye. Ukiufuata mpira, ita "Yangu!" mapema, si ukiwa umeshagongana na mwenzako. Na kila ukiruka, tua kwa miguu yote miwili, magoti yamelegea. Anayetua kwa mguu mmoja hulipia gotini.