Ukitaka Kuutafiti Ubongo, Anza na Ndugu wa Mgonjwa

Wiki hii dada mmoja anayemalizia udaktari hapa Dodoma ameniandikia: "Mwalimu, natamani kuwa mtafiti wa ubongo, lakini nyumbani wanasema hiyo kazi ni ya Ulaya. Nifanyeje?" Najibu hapa, maana najua mko wengi.

Mimi niliambiwa hivyo na mkubwa wangu wa kazi, mbele ya wenzangu. Alisoma andiko langu la utafiti kuhusu msongo na majeraha ya ubongo, akasema, "Bwana, tumalize malaria kwanza." Watu wakacheka. Andiko lile sasa limepitishwa na kamati ya maadili na kazi imeanza, lakini kicheko kile hakijanitoka.

Aliyenifanya nisiache ni kijana wa bodaboda, dereva wa Kizota. Alianguka barabara ya Iringa bila helmeti, akazimia kidogo. Hospitali alipata alama 14 kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile cha 3 hadi 15 walichokitoa Teasdale na Jennett mwaka 1974. Maana yake jeraha jepesi. CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, ilikuwa safi, akaruhusiwa. Baadaye mama yake akaja peke yake kutoka Bahi. Mwanangu hapati usingizi, akasema. Honi ikilia anatetemeka. Anasimama katikati ya uwanja na ndoo mkononi, hajui alikuwa anakwenda wapi. Mtaani walishaanza kusema apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na wenyeji wa Dodoma mnajua neno hilo linavyouma.

Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi za neva zinaweza kuvutika na kuumia bila CT scan kuona kitu. Hapo ndipo msongo unapoingia. Haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamsha tezi zilizo juu ya figo zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, husaidia kuizima amri hiyo. Tangu 1968 mtafiti wa ubongo McEwen na wenzake walionyesha kwa panya kwamba homoni za msongo hunasa hapo. Hipokampasi ikiumia, breki inalegea, na deni dogo tu la pikipiki laweza kumfanya mtu akeshe.

Hayo yote nisingeyafuatilia bila yule mama. Kwa hiyo kaa na ndugu, ukiwa na daftari. Uliza mgonjwa analalaje, anamfokea nani, nani anamdai. Majibu hayo hayamo kwenye faili. Takwimu jifunze mapema, usingoje msimamizi akusukume. Na usisubiri maabara ya panya; wagonjwa wetu wako Kizota, wako Chang'ombe, leo.

Na ninyi wa nyumbani, acheni kumwita mgonjwa wenu mvivu. Mwacheni alale, mpunguzieni kelele, mrudisheni kliniki akizidi kubadilika. Wenye pikipiki nanyi nawaomba: dereva aliyegonga kichwa msimdai hesabu wiki hiyo hiyo. Akirudi barabarani kabla hajapona akagonga tena, tunaweza kumzika.