Kiinitete kilichogandishwa: uliza kwanza kama yai lilipevuka

Ninyi mnaoanza kazi kwenye vitengo vya upandikizaji mimba, mtafundishwa mapema kupima ubora wa kiinitete na unene wa ukuta wa mfuko wa uzazi. Ni sawa. Ila zoeeni pia swali hili kwa kila mama: mwezi huu yai lake limepevuka, au hapana?

Tunapoandaa mfuko wa uzazi kupokea kiinitete kilichogandishwa, kuna njia ya mzunguko wa asili, ambapo tunasubiri yai lipevuke ndipo tuhesabu siku. Na kuna njia ya dawa: mama hupewa estrojeni, ukuta ukinenepa anaongezewa projesteroni, na kwa kawaida yai halipevuki. Vituo vingi huipenda hii ya pili kwa sababu tarehe inapangika.

Tofauti hujitokeza mimba ikishakua. Yai likitoka, kifuko chake hugeuka korpasi luteumu, tezi ya muda inayotoa projesteroni na estrojeni, na pia relaksini, homoni inayosaidia mishipa ya damu ya mama kutanuka. Dawa zetu hazina relaksini, na inadhaniwa pengo hilo ni sehemu ya tatizo. Tafiti, zikiwemo za Uswidi, zimeona presha ya ujauzito, dalili za kifafa cha mimba na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua vikijitokeza zaidi kwa waliotumia njia ya dawa. Watoto nao huelekea kuwa wakubwa kwa uzito, na leba ya mtoto mkubwa mnaijua.

Sisemi njia ya dawa iachwe. Mama ambaye ovari zake zimekoma kufanya kazi anaitegemea. Lakini mwenye hedhi inayokwenda vizuri, mimi ningemwanzia mzunguko wa asili, hata kama itatulazimu kuja kazini Jumapili.

Aliyepitia njia ya dawa msimwache aondoke na barua inayosema tu "mimba ya kupandikiza". Andikeni namna mfuko ulivyoandaliwa, ili mkunga wa kliniki ya wajawazito aifuatilie presha kwa karibu, na daktari aamue mapema, kabla ya wiki ya 16, kama anahitaji aspirini ya dozi ndogo. Mwelezeni pia, bila haraka, kwamba hana korpasi luteumu ya kumlinda, hivyo asiache projesteroni kwa sababu tu kipimo kimeonyesha ana mimba. Ataendelea nayo hadi daktari amwambie kondo la nyuma limeshika kazi.