Magari Sita na Dereva Mmoja

Mvua ya masika ilipoanza kushika hapa Bahati, Nakuru, nilitoka na nyaya za jampa nikazunguka uani kuamsha magari. Magari sita. Liliwaka moja. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe chake cha chai, akitazama tu. Hakusema neno. Ninyi mlio na ndoa ndefu mnajua kimya cha namna hiyo kina uzito gani.

Niwatajie yote, maana wenye ugonjwa huu wa kupenda magari ya zamani watataka kujua kabla hatujaenda mbali. Land Rover Series IIA fupi, inchi 88 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, tunayoiita Shosho. Series III ndefu ya inchi 109, pikapu, ya enzi Leyland ilipokuwa ikiunganisha magari Thika. Hiyo ni Kobe. Range Rover ya milango miwili, V8 ya lita 3.5, haina jina la utani kwa sababu majina niliyoiita hayaandikiki. Land Rover Defender 110 ya injini ya dizeli ya 300Tdi. Suzuki SJ410 ya kijani, Chura. Na Land Cruiser FJ40 ya petroli iliyokuwa imekaa juu ya mawe tangu sijui lini.

Zamani yalikuwa saba. Nianzie kwa hilo la saba, kwa maana ndilo lililonifunza.

Mwaka 2019 karo ya chuo ilinibana nikatangaza kwamba nauza gari moja. Sikusema ni lipi. Akaja bwana mmoja kutoka upande wa Eldoret, akayatembelea yote saba mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, kisha akaweka kiganja juu ya boneti ambayo bado ilikuwa na joto. Land Cruiser BJ40, dizeli ya lita 3, niliyokuwa nimetoka nayo Marigat juzi yake. Alilipa siku hiyo hiyo. Nilijiona mjanja sana, hasa kwa vile nilijiambia kwamba sehemu ya hela zile ingeinua ile FJ40 kutoka kwenye mawe.

Hela za karo zikaenda zinakoenda hela za karo. Miezi michache baadaye nikahitaji kuleta mbegu ya viazi kutoka Mau Narok, nikagundua kwamba uani kumejaa magari na usafiri hakuna. Nilikodi pikapu ya jirani. Nilikuwa nimeuza gari zima nikabaki na miradi.

Nikikaa nikilifikiria, naona kwamba siku ile mimi sikuchagua chochote. Mnunuzi ndiye aliyenichagulia, na mnunuzi mwenye akili hawezi kuchagua gari lililo juu ya mawe akaacha linalonguruma. Kwa hiyo kama unataka kupunguza, amua kabla dalali hajagusa lango lako. Andika kwenye karatasi yanayouzwa ni yapi. Yaliyobaki hayauzwi, hata mtu akija na gunia la noti, na hasa akija na gunia la noti.

Sasa, unaamuaje? Mimi sikuuamini moyo wangu tena, nikaliamini daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilitundika daftari la shule la kurasa 48 kwenye msumari, pale pale funguo zinapokaa, na penseli ikafungwa kwa uzi. Sheria ilikuwa moja: anayechukua ufunguo anaandika tarehe, anakokwenda, na kila shilingi iliyolala humo, kuanzia gasketi hadi kijana wa kuosha. Mwaka mzima.

Nilidhani najua litakalosema. Chura alitoka mara 94, na mara nyingi hakuwa nami ndani. Alikuwa akipeleka maziwa, au binti yangu akienda mjini. Injini yake haifiki hata lita moja, lakini wepesi wake unapita kwenye tope ambalo Kobe angezama hadi ekseli. Defender ilitoka mara 61. Kobe 19. Shosho 11, na katika hizo 11, saba zilikuwa kutoka kibandani hadi langoni na kurudi. Range Rover mara tatu, mbili kati ya hizo ikarudi kwa kamba. FJ40 ukurasa wake ulikuwa mweupe kama ulivyotoka dukani.

Upande wa gharama, Range Rover peke yake ilikuwa imekula kuliko Chura, Defender na Kobe wakijumlishwa. Mlima wa kwenda Mau Summit unaijua ile V8 na ile V8 inaujua mlima. Wakikutana lazima radieta ichemke.

Kuhusu zile safari saba za Shosho hadi langoni. Tulio wengi tuna tabia hiyo, tunaiita kulipasha gari moto. Unawasha, linatetemeka dakika kumi, unazima, unaingia kunywa chai ukiwa na amani. Ni afadhali ungeliacha limelala. Injini haijafikia joto la kukausha unyevu, maji yanabaki ndani ya oili, ekzosi inaoza kutokea ndani. Breki hazijafanya kazi, kwa hiyo silinda zake za magurudumu zinaendelea kukwama pole pole. Petroli inakauka ndani ya kabureta na kuacha gundi. Nishawahi kukuta sahani ya klachi imeshikana na flaiwili kwa kutu, tukalazimika kulivuta gari likiwa na gia ndipo iachie. Na panya! Chini ya kiti cha Land Rover ya zamani pana nafasi ambayo ukiwa panya usingetafuta nyumba nyingine. Gari lisilotoka kilomita ishirini kwa mwezi halihifadhiwi, linauawa taratibu na mtu anayelipenda.

Daftari lilipojaa, nikamwita fundi wangu, mzee wa gereji moja ya Industrial Area hapa Nakuru, aje Jumapili. Alikuja na nyundo ndogo, ya kugongea misumari ya viatu hivi. Akavua koti, akalala chali chini ya Shosho, akaanza kugonga.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wageni wa jambo hili. Land Rover ilizaliwa mwaka 1948, baada ya vita, chuma kikiwa adimu Uingereza, ndiyo maana sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aluminiamu. Bodi haili kutu ile ya kahawia unayoijua. Lakini chesisi iliyobeba bodi hiyo ni ya chuma. Kwa hiyo gari linaweza kukuchekea juu huku chini limekwisha. Land Cruiser za miaka ile ni kinyume: chesisi nene kama reli, bodi ya chuma inayooza kuanzia sakafu. Ndani ya FJ40 yangu, ukiinua mkeka upande wa dereva, ulikuwa unaziona nyasi.

Basi mzee aligonga kuanzia mbele. Ting. Ting. Ting. Chuma kizima kinaimba. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni, natabasamu. Akafika kwenye mtaimbo wa nyuma, ule mhimili wa chesisi unaobeba ndoano ya kuvutia trela. Puf. Akagonga tena kidogo tu, nyundo ikazama hadi kwenye mpini, na ikatoka na vumbi jekundu na donge la tope kavu ambalo lazima liliingia humo kabla watoto wangu hawajazaliwa. Akalishika mkononi, akaniangalia kutoka chini. “Mkubwa, umekuwa ukipaka rangi nini?”

Mtaimbo wa nyuma unabadilishwa, si mwisho wa dunia. Kubwa ni kwamba nilikuwa nimelipanga Shosho la kwanza kwa uzima, na Kobe la tano. Nyundo ikageuza. Chini ya Kobe kote iliimba. Usichague, wala usipange bei, kabla mtu asiyelipenda gari lako hajaligonga.

Kuna swali lingine ambalo watu hulitanguliza, nami naliweka hapa katikati kwa makusudi: nikiuza nikajuta, nitalipata wapi tena? Hapa Kenya si swali la mzaha. Gari lililopita miaka minane halipiti bandarini kwa biashara ya kawaida, kwa hiyo akina Shosho waliomo nchini ndio hao hao, na kila mwaka baadhi wanaisha. Defender ya mwisho ya mtindo ule wa zamani ilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini za 300Tdi bado utaziona barabarani. Suzuki ndogo bado zipo. FJ40 nzuri ni ya kutafuta. Mimi nilitumia hoja hii miaka mingi kujitetea nisiuze chochote. Mzee wa nyundo aliivunja kwa sentensi moja: gari kuwa adimu si sababu ya wewe kulikalia, ni sababu ya kuchunga unamuuzia nani.

Tulipofika kwenye makaratasi ndipo jasho lilipotoka. Kobe nilimnunua akiwa ameshabadilishwa injini. Badala ya petroli yake ya lita 2.25 aliwekewa dizeli ya pikapu ya Isuzu, jambo la kawaida kabisa huku kwetu. Lakini kitabu cha gari bado kilisema petroli, na namba ya injini ya zamani. Gari la hivyo unaweza kuliendesha miaka, ila siku ya kuhamisha umiliki mambo yanasimama. Ilinichukua wiki kadhaa za ukaguzi na kurudi na kurudi. Kwa hiyo toa vitabu vyote mezani, shuka na tochi usome namba za injini na chesisi moja moja, kabla hujajiambia unauza lipi.

Na ukishauza, hamisha. Siku hizi muuzaji ndiye anayeanzisha kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na mnunuzi akakubali upande wake, si kazi ya siku nyingi. Niliwahi kumpa mtu gari kwa maelewano tu, “tutamalizana wiki ijayo”, na baada ya mwaka mmoja nikapigiwa simu usiku kuhusu ajali ya kaunti ambayo sijawahi kulala. Kwenye rekodi mwenye gari nilikuwa bado mimi. Hela pia zionekane kwenye akaunti kwanza ndipo ufunguo utoke. Hilo halina maelezo zaidi.

Ulizeni watoto wenu. Mimi nilikuwa nimemwekea kijana wangu Shosho moyoni kama urithi, nikamwambia hivyo alipokuja kutoka Kisumu. Akakuna kichwa kwa heshima. “Baba, mimi ningetaka Suzuki.” Alijifunzia gari kwenye Chura, barabara ya Njoro. Miaka ishirini nimemtunzia mtu zawadi asiyoihitaji.

Nikaamua: Range Rover, FJ40 na Kobe zinakwenda. Chura na Defender daftari lilizitetea lenyewe.

Na Shosho? Shosho alifeli daftari, akafeli nyundo, akafeli hata kwa mrithi. Nimembakisha. Babangu aliendesha gari la aina hiyo katika shamba la ngano kule Njoro, na sauti ya gia zake ikipanda mlima ndiyo iliyokuwa ikitujulisha kwamba anarudi. Si gari hilo, ni aina hiyo tu, na ninajua hoja hii haisimami mbele ya mtu yeyote. Nadhani mtu aruhusiwe gari moja la hoja mbovu. Moja. Nami nimeliwekea masharti: kila Jumamosi ya kwanza linashuka Subukia na kupanda tena, mvua au jua, na mtaimbo wa nyuma umeshachomelewa mpya.

FJ40 nilimpa kijana mchomeleaji kwa bei ya chini kuliko aliyotaja dalali, kwa sababu dalali alizungumza kuhusu kuuza milango na gia boksi, kijana akazungumza kuhusu kutengeneza sakafu. Nilimwongezea spea zake zote bure. Usiuze gari ukabaki na makorokoro yake; mimi nilikuwa na katoni tatu za BJ40 ambazo nimezirukaruka miaka yote hii.

Kobe alinipa shida ya dhamiri. Aliyemtaka ni kijana wa Rhino Charge, yale mashindano ya porini ya tangu 1989 ambayo michango yake ndiyo imejenga hata uzio wa msitu wa Eburu hapa kaunti yetu. Sababu njema. Lakini alipanga kumkata: paa liondoke, nyuma ipunguzwe, achomelewe mabomba. Nilikataa kwa hasira, nikamsimulia mzee wa nyundo nikitarajia anipongeze. Akacheka hadi akakaa. “Kuku wamekuwa wakitaga ndani yake, mkubwa. Huyu anataka kulipeleka mbio. Nani mkatili hapo?” Nikampigia kijana simu jioni hiyo.

Range Rover iliondoka mwisho. Aliyeinunua alitoka Kisumu na lori, na wavulana wanne wa kusukuma, kwa sababu nilimwambia ukweli wote. Nikaweka betri ya Defender, nikazungusha ufunguo ili tu wavulana wasikie stata inafanya kazi. Ikawaka mara moja. Ikanguruma laini, haikukohoa, haikutoa moshi, ikapanda ile ngazi ya lori kwa nguvu zake yenyewe wavulana wakiwa wamesimama mikono mifukoni. Mama watoto akatazama lori, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Nikaenda kwenye msumari, nikaandika: safari ya nne, Kisumu, bila kamba.