Uliza Shangazi: PA anamtibu mwanangu, mbona jina kwenye chupa ni la mtu mwingine?

Mwezi huu barua zimekuja nne na zote ni za dawa, tena zote zinamhusu yule mtu ambaye Marekani wanamwita PA, fizishani asistanti, yaani mtabibu asiye daktari anayepima na kutibu akishirikiana na daktari. Kwa wasomaji wapya: Shangazi kasimama kaunta ya famasi Texas miaka mingi kabla miguu haijagoma, kwa hiyo haya mambo nimeyaona kwa macho, siyo ya kuhadithiwa. Haya tuanze.

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Houston mwaka wa pili sasa, tulihamia kutoka Minneapolis kufuata kazi ya baba watoto. Mwanangu ana miaka 9 anatumia Adderall ili atulie darasani. Kule Minnesota alikuwa anaandikiwa na PA wake, jina la PA kwenye chupa, mambo yanaenda. Huku pia anaonwa na PA, tena mzuri sana anamjua mtoto mpaka jina la paka wetu, ila kila chupa ikija jina ni la daktari mmoja ambaye sijawahi kumtia machoni. Juzi huyo daktari kaenda likizo, PA akaniambia hawezi kuniandikia, mtoto kakaa siku 4 bila dawa na mwalimu kapiga simu mara mbili. Nauliza kwa nini, naambiwa sheria. Sheria gani hiyo ya kubadilika ukivuka mpaka? Mume wangu anasema ni ujanja wa kula hela ya bima.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mtoto. Mumeo mwambie apoe kwanza, hapo hujaibiwa, hiyo ndo Texas.

Iko hivi. Marekani hakuna sheria moja ya PA ya nchi nzima, kila jimbo limejiandikia yake, mpaka wa mwisho kukubali PA aandike hata dawa moja ni Indiana mwaka 2007, siyo zamani hivyo. Serikali kuu yenyewe inaingia kwenye dawa zinazodhibitiwa tu, zile zinazoweza kumteka mtu, na kuna sheria ya 1970 inazigawa makundi matano. La kwanza ni kama heroini, hiyo hakuna wa kukuandikia. La pili ndo lako wewe, Adderall yumo humo, Ritalin yumo, morfini na oksikodoni wamo. Valium na tramadoli wako la nne. Dawa za kawaida kama amoksilini, presha, sukari, haziko kwenye hayo makundi kabisa, na hizo PA wako anakuandikia siku yoyote bila kelele ilimradi ana mkataba wa maandishi na daktari wake.

Sasa Texas wamesema PA akiwa kliniki ya kawaida mwisho wake ni kundi la tatu mpaka la tano, tena jumla isizidi dozi ya siku 90 pamoja na refili zote (refili ni kuchukua dawa tena kwa cheti kile kile), akitaka kuendelea baada ya hapo lazima aongee na daktari na iandikwe kwenye faili, na mtoto akiwa chini ya miaka 2 hivyo hivyo, aongee na daktari kwanza. Kundi la pili anaruhusiwa sehemu mbili tu: hospitali, kwa mgonjwa anayetarajiwa kulazwa saa 24 au zaidi au aliyefika imajensi, na kwa wagonjwa wa hospisi, wale wanaotunzwa mwisho wa maisha. Kwa hiyo PA wako huyo huyo akipiga zamu ya usiku imajensi anaweza kutoa oda ya morfini, nesi akaichoma, na asubuhi akirudi kliniki hana ruhusa ya kumwandikia mwanao kidonge cha kwenda nacho shule. Inachekesha, najua, lakini sheria inaangalia dawa inamezwa wapi na nani anamwona mgonjwa. Oda ya hospitali inabaki ndani, dawa inatoka kwenye kabati lililofungwa na nesi anasimama pale. Dawa ya cheti cha famasi unakwenda nayo nyumbani, chupa inakaa bafuni.

Minnesota wao wamempa PA kundi la pili pia, ndo maana kule hukuona tatizo.

Niwape kisa kidogo. Hidrokodoni, ile ya maumivu iliyochanganywa na parasetamoli, ilikuwa kundi la tatu miaka yote. Jumatatu tarehe 6 Oktoba 2014 serikali kuu ikaipandisha kundi la pili. Ijumaa ya kabla yake PA walikuwa wanaandika kama kawaida, Jumatatu huku Texas wa kliniki hawana ruhusa, na mimi niko kaunta. Kaja mzee mmoja wa Kimarekani, kofia ya ng'ombe, goti limefungwa bandeji limevimba kama tikiti, ana karatasi ya PA yenye tarehe ya siku ile. Namba ya usajili ya PA kwa dawa hizi inaanza na herufi M, ya daktari inaanza na A au B au F au G, basi ukiona M na dawa ya kundi la pili kutoka kliniki, huku Texas mkono unasimama wenyewe. Nikampa mfamasia wetu, akatikisa kichwa. Mzee akaniangalia akasema mwezi uliopita mlinipa. Kweli tulimpa! Simu siku ile hazikunyamaza mpaka tunafunga. Nasimulia ili muelewe kwamba mfamasia akigoma siyo kiburi, sheria ya serikali kuu inambana na yeye pia, akitoa dawa ambayo aliyeiandika hakuwa na ruhusa basi kosa lao wote.

Turudi kwako. Yule daktari usiyemjua ndiye anayeandika, na akishaandika mzigo wa dawa ile ni wake hata kama PA ndo aliyemuona mtoto. Texas inamruhusu daktari mmoja kuwapa ruhusa PA na manesi wa ngazi ya juu mpaka 7 wa kazi ya muda wote, kwa hiyo usishangae hujamuona, anaweza kuwa na mafaili ya wagonjwa wa hao wote 7 mezani. Ila una haki ya kuomba umuone, hata mara moja kwa mwaka, mwambie PA tu, "naomba mara ijayo daktari naye aingie." Na hili la likizo ndo limenikera mimi, maana lile wangeweza kulizuia. Ule mkataba unaruhusu kutaja daktari mbadala wa kusimamia wakati mwenyewe hayupo. Piga simu kliniki wiki hii uulize daktari mbadala ni nani, na kama hakuna waulize watafanyaje mwezi wa likizo nyingine.

La mwisho, kundi la pili halina refili hata moja, popote Marekani, usigombane na wa kaunta. Lakini daktari anaweza siku moja kuandika vyeti vitatu kwa mpigo, kila kimoja na tarehe ya kuanza kuchukuliwa, jumla siku 90. Muombe hivyo. Wengi hawafanyi mpaka mzazi aseme.

SWALI: Shangazi, mimi ni mkalimani hapa Louisville, Kentucky, wagonjwa wangu wengi wametoka Kongo. Mtu akiingia akasema mimi ni PA nimtafsiri nani? Nikisema daktari nadanganya, nikisema msaidizi wa daktari mama anakataa kuvua hata koti anasema yeye amekuja kuonwa na daktari siyo msaidizi wake.

JIBU: Hahaha, huyo mama nampenda. Kwa Mtanzania ukisema "daktari msaidizi" umeharibu zaidi kwa sababu hicho ni cheo cha kweli kabisa kule, kina kazi yake. Ningekuwa wewe ningeacha jina PA lilivyo halafu niongeze sentensi moja: huyu si daktari, amesomea kutibu, anapima na anaandika dawa, na anafanya kazi na daktari. Baada ya hapo mama achague mwenyewe. Wenyewe PA nao jina linawakera, chama chao mwaka 2021 kilipiga kura wajiite fizishani asosieti badala ya asistanti, ila majimbo mengi sheria bado inasema jina la zamani.

Na uwaambie wagonjwa wako kwamba Kentucky ilikuwa ya mwisho Marekani kuwapa PA dawa zinazodhibitiwa, mwaka 2020, na hata hapo ni kundi la tatu mpaka la tano. Kwa hiyo mtu katoka kwenye operesheni anataka dawa kali ya maumivu na PA anasita, asidhani anabaguliwa. Halafu lile la kumleta mtoto wa miaka 12 atafsiri wakati wewe upo bure kwa mgonjwa, mlikemee.

SWALI: Shangazi shikamoo. Nilikuwa daktari msaidizi Tanzania miaka 11, nimepasua wajawazito usiku kwa mwanga wa tochi. Sasa niko Dallas napanga maboksi. Naweza kupata leseni ya PA kwa vyeti vyangu? Na ndugu wananiomba dawa kwa WhatsApp kila siku, nikiwaandikia majina tu kuna ubaya?

JIBU: Marahaba kaka, na heshima yako kwa hao watoto uliowatoa. Jibu la kwanza litakuuma: hapana. Ili ufanye mtihani wa PA wa taifa lazima uwe umemaliza chuo cha PA kilichoidhinishwa hapa hapa Marekani, kama miezi 27 hivi, na vyeti vya nje haviingizwi hata viwe na mihuri kumi. Hakuna njia ya mkato, na atakayekuuzia njia ya mkato anakuibia. Lakini vyuo hivyo vinataka mtu mwenye masaa ya kuhudumia wagonjwa, na wewe una miaka 11 ya hayo, waandikie vizuri kwenye maombi, ile tochi iandike. Kinachouma zaidi ni kwamba aliyevuka kwenda Nairobi anakuta wenzake wana sheria yao kamili, ya 2017, klinikal ofisa, mtabibu asiye daktari wa kule, na baraza lake na leseni yake, anasaini cheti na duka la dawa linapokea bila swali.

WhatsApp sasa. Kaka, kufanya udaktari bila leseni Texas ni jinai nzito. Ukimwambia binamu "hiyo homa nenda kapime", sawa, wewe ni ndugu. Ukimwambia "meza hii mara tatu siku saba" na ukampa na kopo la amoksilini uliloleta na sanduku kutoka Kariakoo, hapo umeshavuka, na akivimba uso usiku atakayeulizwa imajensi "nani kakupa?" atakutaja wewe bila kupepesa macho. Undugu unaishia hapo.

SWALI: Shangazi, niko Leicester. PA kanipima vizuri masikio na koo, halafu kaniambia subiri, nikakaa dakika 40 daktari asaini dawa. Shemeji yangu wa Marekani anasema PA wao wanaandika wenyewe. Huyu wangu ni mwanafunzi?

JIBU: Si mwanafunzi. Uingereza PA haandiki dawa kabisa, wala haagizi eksirei. Tangu Desemba 2024 wanasajiliwa na baraza lile lile la madaktari, lakini usajili haukuleta kalamu. Nesi au mfamasia aliyesomea kuandika dawa anaweza, PA hawezi, na wengi linawashangaza. Na kichekesho, Marekani wanalikimbia neno asistanti, huku Uingereza, wanakoitwa asosieti, ripoti iliyotoka Julai 2025 imependekeza walirudie ili mgonjwa asichanganyikiwe.

Zile dakika 40 ni daktari alikuwa hajafika kwenye jina lako. Anaposaini anasaini kwa alichoambiwa na PA, kwa hiyo kama una aleji ya penisilini msemee PA mapema, mwone anaiandika, na ukifika famasi rudia tena.