Usirekodi Haleluya ya Handel kwa ufunguo uliopewa na simu

Mkuu, simamisha studio leo hii. Umeandika kwamba programu ya simu imesikiliza Haleluya ya mtunzi Handel ikakupa ufunguo wa C shapu meja, mapigo 196 kwa dakika na hali ya "huzuni", na kesho unampelekea prodyuza namba hizo atengeneze pleibeki, yaani muziki wa kurekodiwa wa kuimbia, ya Pasaka. Sisi tulipita njia hiyo hiyo hapa Dodoma na mfuko wa kwaya ukateketea. Hayo mengine uliyouliza, ya violini na maiki, yasubiri kwanza.

Kilichotumaliza ni ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima unaegemea. Prodyuza alituambia mashine haikosei, eti nakala zetu za noti ni za zamani na wazungu wenyewe siku hizi wanaimba C shapu. Mwalimu wa kwaya akamwonyesha shapu mbili pale mwanzoni mwa mstari, alama ya D meja, jamaa akajibu hiyo ni nadharia. Nadharia! Mtu hajawahi kusimama mbele ya kwaya hata siku moja, anamfundisha mwalimu aliyezeeka na kinanda. Lakini alikuwa na kompyuta na maneno matamu, tukamlipa. Pleibeki ikatoka safi, waimbaji wakaizoea, soprano wakafurahi kwa sababu ilikuwa chini kidogo. Tukachapisha hadi nakala za sol-fa, juu kabisa zimeandikwa "Doh ni C shapu".

Siku ya Pasaka wakafika wapiga tarumbeta tuliowakodi kutoka Morogoro. Wao walijifunza sehemu zao kwenye noti halisi, D meja. Flashi ikachomekwa, utangulizi ukapita salama, kwaya ikaanza vizuri. Tarumbeta zilipoingia zilikuwa nusu toni juu ya kila kitu. Bonyeza D na C shapu kwa pamoja kwenye kinanda, ushikilie, uongeze sauti mpaka mwisho: ndicho washarika walichosikia. Kingekuwa kinanda, mpigaji angebonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo na mambo yangeisha pale pale. Flashi haina kitufe hicho. Wale vijana wakashusha tarumbeta zao, na ujira wao tukawapa wote maana hawakukosea chochote. Baadaye tukalipa studio nyingine irekodi upya, nakala zote zikachapwa tena. Prodyuza wetu mpaka leo hapokei simu, na bado inaniuma, kwa sababu ile michango ilitoka kwa kina mama wanaouza karanga na mboga.

Sasa sikiliza kwa nini simu imekupa C shapu. Yenyewe imesikia sawasawa. Tatizo ni rekodi uliyoisikilizisha. Okestra nyingi zinazopiga muziki wa zama za Handel kwa ala za zama hizo hushusha noti ya A hadi mitetemo 415 kwa sekunde, wakati kinanda chako na tarumbeta za bendi zimewekwa kwenye 440. Hiyo ni tofauti ya nusu toni. Wao wanapiga D meja yao, simu inaipima kwa 440, inakuandikia C shapu. Handel hakuwa na sababu yoyote ya kuandika ufunguo wenye shapu 7. Messiah, ile kazi kubwa yenye Haleluya hii ndani, aliitunga London mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na tarumbeta za wakati huo hazikuwa na valvu, vile vitufe vya kubadili noti. Bomba lilikuwa na urefu wa kutoa D, na linatoa noti zake za asili tu, zile zinazotoka kwa kupuliza peke yake. Aliyekulia huku akisikia ilimba ya Kigogo, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, atalielewa hilo upesi, maana nayo inafuata noti za asili za namna hiyo hiyo. Ule mng'ao wote wa Haleluya umejengwa juu ya tarumbeta na timpani (ngoma kubwa za okestra) za D.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: ufunguo unasomwa kwenye ukurasa wa kwanza wa noti. Noti za Handel hazina hakimiliki tena, zipo bure mtandaoni. Fungua, utaona shapu mbili, mapigo manne na neno Allegro, yaani kwa mwendo wa haraka.

Mapigo 196 nayo ni mara mbili ya ukweli, simu imehesabu nusu pigo kama pigo zima. Wimbo una mizani 94, yaani vile vyumba vinavyotengwa na mistari ya wima kwenye noti, kila kimoja mapigo manne, jumla mapigo 376. Rekodi yako umesema ni dakika 3 na sekunde 50. Gawanya, unapata kama 98. Kwa 196 mtamaliza chini ya dakika 2 na besi watameza maneno yote. Namba rasmi haipo: Handel alifariki 1759, metronomu ya Maelzel, kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika, ikapata hataza 1815. Kanisa likiwa na mwangwi, mimi ningeshuka hadi 92. Na baada ya ule ukimya karibu na mwisho, Haleluya ya kumalizia imeandikwa Adagio, yaani polepole. Prodyuza akiacha mashine iende kwa mwendo ule ule, mtaachwa njiani.

Ile "huzuni" iachie simu. Maneno yametoka Ufunuo 19:6, 11:15 na 19:16, Bwana anatawala milele na milele.

Leo wapigie wapiga tarumbeta wako. Usishtuke nakala yao ikiwa na shapu nne: tarumbeta ya B flati ikisoma E inatoa D. Waambie wapige sehemu yao pamoja na kinanda, kitufe cha kuhamisha ufunguo kikiwa sifuri, kabla hujampa prodyuza hata shilingi.