Mistari miwili wiki mbili baada ya kumaliza dawa ya malaria

Unauliza kama umeze dawa tena, maana homa imerudi na kipimo cha haraka cha malaria bado kinaonyesha mistari miwili, yaani una malaria. Usikimbilie dozi nyingine ya AL (artemether-lumefantrine, dawa ya malaria) kwa sababu tu ya mistari hiyo. Kile kipimo hakitafuti vimelea wenyewe. Kinatafuta antijeni yao, protini iitwayo HRP2 ambayo kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huimwaga kwenye damu. Kingamwili zilizopakwa kwenye mstari wa T (ule wa jibu) hushika kipande kidogo tu cha protini hiyo, basi; haziwezi kujua kama aliyeitoa yu hai au alishakufa. Na HRP2 haisafishwi upesi, huweza kubaki damuni wiki kadhaa.

Kwa kuwa ulitoka Kisumu na homa imekurudia hapa Nairobi, nenda leo maabara wakupime kwa darubini. Wakiona vimelea, hapo ndipo daktari atabadilisha dawa. Kipimo cha haraka kinachotafuta pLDH, kimeng'enya cha vimelea vya malaria, nacho hufaa zaidi hapa kuliko cha HRP2, maana kimeng'enya hicho hutolewa na vimelea hai.

Halafu soma jibu la kipimo cha haraka kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Ukikisahau mezani, mstari hafifu wa uongo unaweza kujitokeza. Mstari wa C (unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi) usipotokea, tupa kipimo hicho.