Taya la mtoto likivimba, msikimbilie kung'oa meno

Dada wa Koboko, umeuliza kuhusu mtoto wa jirani, miaka sita, aliyevimba taya, hata watoto wenzake wamekatazwa kucheza naye kwa kuwa eti ni ugonjwa wa ukoo na unaambukiza. Yametukuta hapa Arua, kwa hiyo nakujibu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano. Alianza kutafunia upande mmoja. Kliniki moja ya mtaani wakamng'oa gego, wiki iliyofuata wakamng'oa la pili. Niliporudi safari nilimfungua kinywa: gego la tatu liliyumba nilipoligusa kwa kidole, na fizi ilikuwa imefura hadi kwenye kaakaa. Siku mbili baadaye jicho la upande ule lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Jipu la jino haliendi hivyo.

Hospitali ya Mulago, Kampala, walikata kinyama wakakipima: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu. Jina ni la daktari Denis Burkitt, aliyewaona watoto wa namna hii hapo hapo Mulago na kuandika habari zao mwaka 1958. Alipozunguka Afrika akagundua ugonjwa unafuata nyanda za joto na mvua nyingi, huko milimani kwenye baridi ni nadra. Yaani unafuata mbu.

Daktari alitueleza hivi. Kuna virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtoto wa kwetu huvipata akiwa mdogo, kwa mate, na wengi hawadhuriki. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoharibu mambo: inazichochea chembe zile nyeupe zenye virusi zizaliane ovyo huku ikiudhoofisha ulinzi wa mwili, mpaka siku moja chembe moja inakosea kujigawa na haisimami tena. VVU navyo huongeza hatari. Wavulana huugua zaidi ya wasichana, hasa kati ya miaka minne na tisa. Basi waache watoto wacheze naye. Saratani yenyewe haiambukizi, na mama yake hana kosa lolote. Dada yangu alilia miezi kwa maneno ya ukoo, inaniuma mpaka leo.

Mpelekeni wiki hii hii, uvimbe huu hukua kwa siku. Dawa za dripu zilipoanza, shavu la mpwa wangu lilinywea ndani ya wiki moja, na hapo ndipo shemeji alipotaka kumrudisha nyumbani. Tulikataa, akamaliza dozi zote. Sasa yuko darasa la nne. Mkipanga safari ya Kampala andika hapa, nikueleze tulilala wapi na tulibeba nini.